Pembe Yenye Vigae

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu: siku ukuta wangu ulipoanguka mchana, jua likiwaka, na Kapita Sumaili amesimama barabarani anautazama. Hakukimbia kuuliza kama kuna mtu amefunikwa. Alicheka mpaka akashika magoti.

"Eh, masoni!" akaniita. "Nyumba yako imechoka? Imelala?"

Nimelitaja jina lake na nitalitaja tena. Watu wa hapa wananiambia, acha, hayo ni ya zamani. Waseme. Mimi shule nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo nakuandikia kama ninavyosema. Wewe na mume wako mmeniletea habari kwamba mnataka kuongeza chumba, na kwamba mtaanza kwa kuibomoa ile pembe ya chumba cha mama yako, ile iliyojaa vigae vya vyungu, kwa sababu ni mbaya na wageni wanaicheka. Basi soma hii kwanza, ndipo mshike jembe.

Wakati ule tulikuwa chini ya Wabeleji. Kijiji chetu kilikuwa kimepangwa kando ya barabara ya Kabambare kwenda Wamaza, nyumba kwa mstari, na kila nyumba na shamba lake la pamba, utake usitake. Mama yako Feza, dada yangu, alikuwa ameolewa Wamaza. Homa ikamchukua baba yako. Siku za matanga hazijaisha, shemeji yake Lubunda akamwambia, "Sasa wewe ni wangu." Ni kweli, kwa desturi ndugu alimrithi mjane. Lakini desturi ilimuuliza mjane pia, na Lubunda hakuuliza. Alikuwa na wake wawili, na wote wawili walikuwa na makovu ya mkono wake. Feza akakufunga mgongoni, akatembea siku mbili mpaka kwetu.

Lubunda alimfuata. Lakini hakuja kwa baba yetu, alikwenda kwa Kapita Sumaili, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na Leta, yaani serikali. Wakanywa pombe pamoja. Kesho yake kapita akasimama mbele ya nyumba yetu, watu wote wanasikia.

"Mutu anaandikwa fasi analala," akasema, yaani mahali anapolala. "Hapa nyumba imejaa. Feza hana chumba, hana mulango, hana mafiga yake. Mwezi huu ukiisha, ajenti wa Leta anakuja kuhesabu watu. Kama siku ile Feza iko na chumba, na mulango, na moto wake, tunamuandika hapa. Kama hana, polisi anamurudisha Wamaza na Lubunda, siku ileile."

Aliahidi mbele ya watu kwa sababu alijua hatutaweza. Baba mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, anatembea na fimbo. Asubuhi yote tulikuwa kwenye pamba, tukabakiwa na saa za alasiri. Majirani walimwogopa kapita, hakuna hata mmoja aliyekuja kushika mti. Mjomba wetu Ramazani peke yake alisema, "Manyasi ya paa ni juu yangu." Likumbuke jina hilo pia.

Na mimi? Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimevimba kuliko mguu wa baba. Nilikuwa nimefanya kazi miezi mitatu Kabambare, kuwabebea matofali mafundi waliokuwa wanajenga nyumba za boma. Kubeba tu. Sikuweka hata tofali moja ukutani. Lakini nilirudi najiita masoni, fundi wa kujenga, na watu wakaniita hivyo, wengine kwa kunicheka. Sikujua.

Shangazi Mwange, dada ya baba, alikuwa mfinyanzi. Mikono yake ilikuwa na rangi ya udongo hata siku ya sikukuu. Aliniambia mapema kabisa:

"Jenga kwa miti na udongo, kama nyumba yenyewe ilivyo. Udongo toa kwenye kichuguu. Ule mweusi wa bondeni ni wa vyungu, ukikauka unajivuta, unapasuka. Na uanze kwa kufungua pembe ya nyumba ya baba yako, ufunge fito zako kwenye miti yake."

"Shangazi," nikamjibu, "finyanga vyungu vyako. Ukuta niachie mimi."

Nasikia aibu kuandika maneno hayo hata leo. Nilichukua udongo wa bondeni kwa sababu ni laini na uko karibu. Nikafyatua matofali, nikayaanika siku chache, nje yamekauka na ndani bado maji. Nikajenga ukuta kando ya nyumba ya baba bila kuigusa, kidole kinapita katikati. Kidole hicho ndicho nilichojivunia. Nilimwambia kila mpita njia, "Ukuta wangu hauegemei mtu." Sikutaka kazi yangu ya Kabambare ishikane na miti ya mzee aliyejenga kwa kamba za msituni.

Mama yako aliniamini. Alileta mawe matatu ya mafiga, akayapanga kwenye chumba ambacho hakijawa na paa, akatoka kuchota maji. Alipokuwa kisimani, nyufa zikakutana, ukuta ukalala wote juu ya mafiga yake. Hapo ndipo Kapita Sumaili alipocheka.

Feza aliporudi hakulia wala hakunitukana. Alitua mtungi, akapiga magoti, akaanza kufukua mawe yake kwa mikono, moja, jingine, na wewe unalala mgongoni. Sikuweza kumtazama. Niliingia ndani nikafunga nguo zangu kwenye kifurushi, nikatoka kwa nyuma.

Njiani nikakutana na Shangazi Mwange, na kikapu cha udongo kichwani.

"Na kifurushi, unaenda wapi?"

"Salamabila."

"Kufanya nini?"

"Kuchimba dhahabu."

"Ukuta unakushinda juu ya ardhi, ndiyo utaweza mashimo chini yake?"

Akatua kikapu. Hakunipigia kelele, na hilo liliniuma kuliko kelele.

"Siku ile ulinitukana sikukujibu," akasema, "kwa sababu nilijua udongo utakujibu. Sasa umekujibu. Lakini wewe unakimbia nini? Lubunda hakutaki wewe. Dada yako ndiye atakayefungwa kamba. Ulivunja chumba chake, na sasa unataka kumpunguzia na watu wa kukijenga. Siku ngapi zimebaki?"

"Tisa."

"Basi rudisha hizo nguo, ubebe hiki kikapu. Mimi shingo inauma."

Nikakibeba. Alinipeleka nyuma ya jiko lake, kwenye lundo la vigae. Mwanangu, lilikuwa lundo la kunifikia kifuani. Vyungu vyote vilivyompasukia motoni tangu alipoolewa, alikuwa hajatupa hata kimoja.

"Kila chungu kinachotoka hapa kina unga wa hivi ndani yake," akasema. "Mama mkwe wangu alinifundisha. Udongo mtupu unapasuka, ukiutia kigae kilichosagwa unashikana. Haya yote ni makosa yangu. Yabebe."

Tulianza upya alasiri ileile. Mimi nilishika panga nifungue pembe ya nyumba ya zamani, nikalishusha bila kupiga. Baba alikuwa amekaa anatazama. Akainuka na fimbo yake, akaninyang'anya panga. "Nimeijenga mimi, nitaivunja mimi," akasema, akaupiga ukuta wake mwenyewe mpaka miti ikaonekana. Tukaishi na shimo lile, upepo unaingia, kuku wanaingia. Mama alimkuta kuku mmoja kitandani akamwambia, "Wewe ulikuwa unamngoja masoni, siyo?"

Tulifunga fito mpya kwenye miti ya zamani, Baba ananionyesha fundo, mimi nafunga. Mama na Feza walikanyaga udongo wa kichuguu uliochanganywa na manyasi yaliyokatwa, na Feza alikanyaga kama mtu anayemkanyaga Lubunda. Shangazi alitwanga vigae. Kwenye ile pembe ambapo nyumba mbili zinakutana, hakutwanga sana, alitia vipande vikubwa kwa mkono wake, midomo ya vyungu, masikio ya mitungi. "Hapa ndipo patavutwa," akasema.

Zimebaki siku tatu, tukaenda kwa Mjomba Ramazani kuchukua manyasi. Hayapo. Yako juu ya ghala la Kapita Sumaili, mapya, yananukia. Mjomba akatazama miguu yake, akasema, "Kapita aliomba." Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, aligeuka palepale. Alirudi nyumbani, akapanda mwenyewe juu ya jiko lake, akaanza kulivua paa.

Na mlango? Mbao hatukuwa nazo. Baba aliung'oa mlango wa nyumba yake, tukaufunga kwenye chumba cha Feza, na kwetu tukatundika mkeka. Kwa hiyo siku ya kuhesabiwa ilipofika, tulikuwa na jiko bila paa, nyumba bila mlango, na chumba kimoja kamili.

Ajenti alikaa kwenye kiti chini ya kivuli cha ghala, na kitabu chake. Lubunda alikuwa amekuja na koti, polisi pembeni. Jina la Feza lilipoitwa, Kapita Sumaili akasema haraka, "Huyu hana chumba, Bwana. Ni wa Wamaza."

"Iko chumba," Baba akasema.

Ajenti akatazama juu ya nyumba zetu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa jipya, kwa sababu Feza alikuwa amewasha moto kwenye mafiga yaleyale aliyoyafukua. Yule Mzungu akainuka, akaja, na kijiji kizima nyuma yake. Aliusukuma mlango, ukafunguka, akaona mawe, moto, chungu juu yake, na wewe umekaa chini unakula kiazi.

Kapita aliona mambo yanamtoka. "Bwana, hii si nyumba, ni tope! Ukuta wake mwingine ulianguka. Na huu unaanguka, tazama!"

Akarudi nyuma hatua mbili, akaitupia bega ile pembe.

Nilimwona Shangazi, yeye hata hakupepesa macho. Pembe ililia kidogo, kama mtu anayekohoa, ikabaki. Akaisukuma tena kwa mgongo. Ikabaki. Alipogeuka, shati lake jeupe la siku ya Leta lilikuwa jekundu kutoka kola mpaka kiunoni, kwa sababu udongo mwekundu wa kichuguu ulikuwa bado mbichi. Nani alianza kucheka, sijui. Wanawake walipiga vigelegele. Polisi mwenyewe aligeuza uso.

Ajenti akalitazama shati, akautazama ukuta, akasema kwa Kiswahili chake, "Nyumba iko. Mwanamuke iko. Andika hapa."

Lubunda alibaki na koti lake kwenye jua. "Feza," akasema, "utalala ndani ya hili tope?"

"Ni tope langu," mama yako akajibu, akafunga mlango.

Nimepona mengi baada ya siku ile, barabara, pamba, na bunduki zilizokuja baadaye. Sijaona tena siku iliyonishibisha vile. Kapita Sumaili hakuomba radhi mpaka anakufa. Mjomba Ramazani alikuja kwenye karamu tuliyokifanyia chumba kile, akala kuliko wote. Sikuwasamehe, sikudanganyi. Lakini mwovu wa kwanza kwenye habari hii ni mimi, kwa sababu wao walikuwa maadui wa chumba kile na mimi ndiye nilikiangusha. Ndiyo maana najiweka pamoja nao.

Basi nasaha yangu ni hii. Ongezeni chumba. Lakini msikijenge kando, kidole kinapita katikati. Fungueni ukuta wa zamani, hata kama nyumba itaonekana uchi siku chache, mfunge mpya kwenye wa kwanza. Anayejua udongo mumsikilize, hata kama ni bibi mwenye mikono michafu. Ukikosea usikimbilie Salamabila, urudi siku ileile, ubebe kikapu. Na vigae vile msivitoe. Mkitaka kupaka chokaa, pakeni, lakini viacheni ndani.

Mungu awape kichuguu kilicho karibu, na mvua isubiri mpaka paa liishe. Watoto wenu wakute moto umewashwa kila wanaporudi. Mlango wenu uwafungukie ndugu, na kila atakayekuja kuusukuma ukuta wenu, arudi kwake na shati jekundu.