Kisu cha Misumari Mitatu

Nilikuwa karani wa bandari ya Kigoma, na nilikuwa na ugonjwa. Mke wangu ndiye aliyeuita hivyo. Akiwatania majirani zetu wa Ujiji, alisema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni visu. Mimi sikucheka. Nilikuwa na visu vya kukunja kumi na vitatu, vyote vya kampuni moja ya Ulaya, kila kimoja ndani ya kitambaa chake chenye mafuta ya cherehani, na ole wake atakayevigusa.

Nilivipata miaka ya Uhuru, kulipochafuka ng'ambo ya ziwa na Wazungu wakawa wanavuka na masanduku kukimbilia garimoshi. Wao walikuwa na haraka, mimi nilikuwa na sigara na mikate ya kubadilishana. Mmoja aliniachia hata kitabu cha bidhaa za kampuni hiyo, chenye picha. Humo nikasoma kwamba visu vya kwanza kabisa vilikuwa na mpini wa pembe, misumari mitatu ya shaba, na nanga ndogo iliyochomwa kwenye pembe. Vilitengenezwa vichache tu, kisha kampuni ikahamia kwenye mbao na misumari miwili. Bapa halikubadilika kamwe. Thamani yote ilikuwa kwenye mpini. Nikavifungua vyangu kimoja kimoja. Vyote, misumari miwili! Tangu siku hiyo sikutulia.

Kisu cha namna hiyo nilikiona kijijini Mwamgongo, nilikokwenda kwenye harusi ya ndugu wa mke wangu. Mzee mmoja mvuvi, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo zamani, alikuwa ufukweni akipasua mgebuka. Pembe ya mpini wa kisu chake ilikuwa imeiva wekundu kwa mawese, na chini ya magamba ya samaki niliiona nanga. Nikachuchumaa kando yake. Nilipomuuliza, alinieleza kwamba alipewa na fundi mitambo wa meli, enzi za ujana wake. Nikamwambia ataje anachotaka. Alikifuta taratibu kwenye kaptura, akakikunja.

“Bado kina kazi, mwanangu,” alisema. “Uje tena.”

Nikaja tena. Kila mwezi nilipanda boti ufukweni Kibirizi nikiwa na kifurushi cha sukari, au chumvi, au mafuta ya taa, maana miaka ile ya Ujamaa vitu hivyo vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Nilikaa naye tangu asubuhi mpaka boti iliporudi. Alinisimulia habari za nyavu, za magoti yake, za wanawe waliotawanyika kutafuta maisha, mmoja Kalinzi kwenye kahawa, wengine mjini. Niliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, macho yakiwa kwenye mkono wake wa kulia. Siku moja alikitumia kutobolea kopo la maziwa mbele yangu. Nilinyanyuka nikaondoka bila kuaga, nimefura kwa hasira, na wiki mbili baadaye nikarudi na sabuni.

Kisha likaja agizo la watu kuhamia kwenye nyumba mpya zilizopangwa mistari. Nilishikwa na wazimu. Katika kuhamahama vitu hudondoka, vitu huibwa. Nilimdanganya mkubwa wangu kwamba mama mkwe ni mgonjwa, nikawahi boti. Nilimkuta mzee mlangoni pa nyumba yake mpya, kisu kiunoni, na furaha iliyonipata ilikuwa kubwa mno hata nikamkumbatia. Akawaambia jirani zake kwamba nimekuja mbio kwa ajili yake. Sikumsahihisha.

Mwaka uliofuata alifariki. Habari niliipata kwa mwenye boti, na nakiri kwamba swali langu la kwanza moyoni lilikuwa kisu kiko kwa nani. Nilifika siku ya kuanua matanga. Vitu vya marehemu vilikuwa vimepangwa kwenye mkeka: nyavu, kasia, koti, karabai. Viligawiwa kwa ndugu mpaka vikaisha. Nilikuwa nimeshaanza kutokwa jasho binti yake mkubwa aliponiita mbele za watu.

“Baba aliagiza kisu upewe wewe, kaka,” alisema. “Sisi wanawe tulikuwa mbali. Wewe ndiye uliyekuwa unakuja kumwona.”

Akakiweka kwenye mkeka mbele yangu. Bapa lilikuwa lile lile, limenolewa likang'aa. Mpini ulikuwa wa mti mweupe, mpya, bado unanukia utomvu. Binti alinieleza kwamba kwao kisu cha marehemu hakirithishwi pamoja na mpini alioushika. Mpini humfuata mwenyewe. Pembe waliiweka kaburini siku ya mazishi, na misumari yake. Kaka zake wawili walikesha wakinichongea huu mwingine, wakaulainisha kwa mchanga ili usiniumize kiganja. Walikuwa wamesimama pale wakisubiri nikishike.

Nikakishika. Nakiri pia kwamba nilitazama upande wa kaburini, nikaukadiria udongo kwa macho, ulikuwa laini bado. Hapo machozi yakanitoka, na sikuweza kuyazuia. Wanawe walinizunguka, binti akanishika bega na kuniambia nijikaze, baba alinipenda sana. Watu wakanisogezea kigoda, wakanipa pole kama mfiwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nalilia mpini.