Mbinya akataa kungu zake kuitwa lozi

Saa tatu asubuhi, jua la Voi limeshaanza kuuma, na Pauline Mbinya ameketi kibarazani akivunja kungu, matunda ya mti wa mkungu, kwa jiwe. Anaweka moja juu ya kipande cha chuma, anaipiga, anachomoa kiini kidogo, anachukua nyingine. Gunia zima litampa kilo mbili tu za viini.

"Watu wanapita wakicheka," asema mama huyu wa miaka 49. "Ati mtu mzima anashindana na popo kuokota kungu. Wacha wacheke. Popo hajui kupika."

Yeye anajua. Viini hivyo huvichovya kwenye maji moto, akavimenya, akavitwanga na sukari na marashi ya waridi, kisha akafinyanga switi laini zenye umbo la ndimu, maembe na ndizi ndogo. Mwandishi alionja moja kwa adabu, akaomba ya pili bila adabu.

Ufundi huu aliupata jikoni kwa watawa, alikopika kwa miaka kumi na mmoja. Mtawa mmoja mzee, Sista Susan, alikuwa na kitabu cha mapishi ya Ulaya ya Zama za Kati. Alimsomea jinsi Wakristo wa huko, Kwaresima ilipowakataza nyama na maziwa, walivyosaga lozi wakakamua maziwa yake na kuyapikia uji na mchuzi. Matajiri walitengenezewa switi za lozi zenye sura ya matunda.

Sista alipohamishwa alimwachia Mbinya kitabu hicho. Lozi zenyewe zilikuwa shilingi 1,800 kwa kilo, naye kibarua chake kilimlipa 400 kwa siku. Akageukia mikungu, miti inayotoa kivuli mjini huku kungu zake, zenye viini vya ladha kama ya lozi, zikikanyagwa na kila mpita njia.

Mwanzo ulimtoa jasho. Kama Mkamba yeyote aliyelelewa na mchi, alitwanga viini vikavu kwa nguvu zote za bega. Mara tatu vikageuka mafuta, mara tatu akamwaga.

"Nikakumbuka nyanya yangu Katunge akitwanga muthokoi," asimulia. "Mahindi alikuwa anayanyunyizia maji kidogo kidogo, maganda yatoke. Nikajiuliza, mimi nilisahau hiyo wapi? Nikanyunyiza marashi, nikatwanga pole pole, ikashikana."

Baadaye, akipekua kitabu, alikuta wapishi wa kale nao walinyunyiza marashi ya waridi ili lozi zisitoe mafuta. Nyanya yake hakuwahi kukiona kitabu hicho.

Kwa mwezi Mbinya hupata kama shilingi 12,000. Ndiyo maana kambi moja ya watalii ilipoagiza switi mia sita za Pasaka kwa shilingi 36,000, aliona mlango umefunguka. Bintiye Daisy, mwenye miaka 19, ameitwa chuo mwezi Mei, na karo haijapatikana.

Leo switi zote ziko tayari kwenye trei. Kilonzo, mnunuzi wa kambi hiyo, amekuja kuzichukua, na mkononi ana bunda la lebo zilizochapishwa "Lozi za Ulaya".

"Mama Daisy, mgeni hatajua," amwambia. "Kungu ni jina la kichakani."

"Mgeni hatajua, lakini mimi najua," ajibu Mbinya bila kupandisha sauti. "Kungu imenilisha miaka sita. Leo niifiche kama aibu ya nyumbani?"

Kilonzo amkumbusha habari ya karo. Ni pigo la chini kabisa, na linampata. Mbinya anainamisha kichwa.

Daisy ndiye anayeinuka. Anachukua lebo moja, anaigeuza upande mweupe, anaandika kwa kalamu: KUNGU ZA VOI. Kisha anachukua ya pili.

Kilonzo anazikataa kwa jina hilo, anaondoka mikono mitupu.

Kesho mama na binti watapeleka trei Miasenyi, barabarani, ambako mabasi na malori husimama. Huenda zikanunuliwa zote, huenda zisinunuliwe. Mbinya anapanga kukodi kibanda huko kabla ya Kwaresima ijayo, auze na maziwa ya kungu kwa wanaofunga.

"Daisy anaweza kuchelewa chuo muhula mmoja, pengine miwili," asema, machozi yakimlengalenga. "Lakini akifika huko ataulizwa mama yake hufanya kazi gani. Nataka ajibu bila kumeza mate: mama anauza kungu."