Miguu Niliyoiombea

Mimi si mtu wa kukaa. Mke wangu husema hata kanisani nakaa kama mtu aliyeacha gari katikati ya barabara. Padri akifika nusu ya mahubiri nimeshaupandisha mguu juu ya mwenzake na kuushusha mara kadhaa, nimeshasoma matangazo yote ukutani, na nimeshapanga jinsi mimi mwenyewe ningeyahubiri yale mahubiri vizuri zaidi.

Kwa mtu wa namna hii, jumuiya ndogo ya kanisa ni mtihani. Yetu hukutana Jumamosi alasiri, nyumba kwa nyumba kwa zamu, huku kwetu barabara ya Katelembo. Tunasoma Neno kwa hatua saba, kama tulivyofundishwa. Hatua tano za kwanza, ukitoa ile ya kunyamaza, nazipenda mno, kwa sababu ni za kuongea. Ya sita ndiyo yenye matatizo. Ya sita inauliza: basi, wiki hii tutafanya nini? Hapo nyumba nzima hunyamaza. Watu huitazama chupa ya chai. Mwishowe mtu mmoja husema, "Tutawaombea wagonjwa," wote tunaitikia kwa furaha ya watu waliosamehewa adhabu, na tunarukia hatua ya saba. Kwa miaka mingi tumewaombea wagonjwa wengi. Wengine walipona bila kujua kwamba tulihusika.

Jumamosi moja somo lilikuwa lile la mtu anayesikia Neno asilitende, anayejitazama kwenye kioo, akaondoka, na papo hapo akasahau anafanana vipi. Nilikieleza kile kioo kwa kirefu. Niliwaambia kwamba zamani kioo kilikuwa shaba iliyosuguliwa, na kwamba sura ilionekana kwa ukungu. Wazee wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimeanza kuieleza shaba yenyewe pale mwenyekiti wetu, mama anayeuza nafaka sokoni na asiyependa maelezo, aliponikata.

"Asante, mwalimu. Hatua ya sita. Na leo hatuombei mtu. Leo tunatuma mtu."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Chini ya barabara anaishi mzee mjane, aliyefanya kazi kiwanda cha saruji huko Athi River mpaka akastaafu. Ana binti mmoja tu, anayeshona nguo kwenye viwanda vya huko huko na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Binti alikuwa amepata mchumba, na watu wa mchumba, wa upande wa Kinanie, walitaka kuleta mbuzi wa ntheo. Bila mbuzi hao, kwetu Ukambani, msichana hajaolewa, hata akiwa na pete na watoto wanne. Na mbuzi hupokewa na baba. Siku ilikuwa imepangwa mara mbili, na mara mbili mzee akatuma neno kwamba haiwezekani. Ya tatu ilikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja.

"Wamesema akikataa tena hawarudi," mwenyekiti alisema. "Msichana analia. Watu wanasema huyo mzee ni kiburi. Wengine wanasema anataka kumweka hapo amfulie mpaka afe."

Kisha macho yote yakanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndio uko na maneno."

Ukitaka kunituma popote, niambie niko na maneno.

Nilikwenda Jumatatu na Biblia kwapani. Nilimkuta ameketi ndani, mlango nusu wazi, blanketi imemfunika kuanzia magotini hadi sakafuni. Joto lilikuwa la kumfanya mbwa wake ajichimbie shimo chini ya ghala.

"Umetumwa," alisema kabla sijaketi.

"Hapana, mzee. Nimekuja tu kukusalimia."

"Kusalimia na Biblia? Haya. Salimia."

Nikamsomea pale wazazi wanapoambiwa wasiwakasirishe watoto wao. Alisikiliza kwa adabu, macho kwenye mlango. Nilipofunga kitabu nikagusia habari ya ntheo, kwa kuzungukazunguka, kama nilivyodhani busara inataka.

"Mimi sijakataa," alisema. "Ni miguu. Miguu inanisumbua."

"Basi tuiombee!"

Nikasimama, maana kusimama ni nafuu kwangu, na nikaiombea miguu ile. Niliombea mifupa, viungo, na mishipa ya damu. Nilitumia maneno niliyoyaokota kwenye karatasi moja ya hospitali. Hata niliweka mkono juu ya blanketi. Juu ya blanketi, nasema. Miguu ilikuwa chini yake, na haikunijia akilini kabisa kuangalia kile nilichokuwa nakiombea.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Asante. Ukitoka vuta mlango."

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimekutana na moyo mgumu. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo.

"Miguu iko na nini?" aliuliza.

"Inamsumbua."

"Inamsumbua nini?"

"Uzee," nilisema.

Aliendelea kuchagua. Kuna namna yake ya kutupa punje mbovu ambayo ni kama maoni.

Jumatano nilirudi na somo jingine, na sala fupi zaidi. Katikati ya somo nilichungulia simu yangu mara mbili. Mzee aliniona, na mimi nikaona kwamba ameniona, lakini tuliendelea wote wawili kama watu waliopandishwa jukwaani. Nilipofika barabarani binti yake akanipigia. Ilikuwa saa ya chakula kiwandani, na nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka na viti vikikokotwa.

"Mwalimu, amekubali?"

"Tunaendelea vizuri."

"Vizuri ni ndiyo ama ni hapana?"

Mimi ambaye niko na maneno nilisema, "Bado tunaongea."

"Mwalimu, tafadhali. Hao watu hawarudi tena. Mimi nitawaambia baba yangu amekataa nini? Mimi mwenyewe sijui amekataa nini. Nikimuuliza ananiambia rudi kazini."

Alhamisi nilikwenda bila hamu. Nilishika kitabu, nikatafuta ukurasa, nikakohoa. Mzee akainua mkono.

"Mwalimu. Wacha hiyo kitabu."

Nikaacha.

"Wewe unaombea nini? Siku ya kwanza umeombea. Jana umeombea. Angalia kwanza."

Akavuta blanketi.

Nitasema kwa ufupi. Kucha zilikuwa nene na za manjano kama pembe, na zilikuwa zimefanya kile pembe zinachofanya. Ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imejipinda ikarudi chini ya kidole. Nyingine zilipanda juu ya majirani zao. Ndala zake za plastiki alikuwa amezikata mbele kwa kisu ili kuzipa nafasi.

Akaniambia kila kitu kwa haraka, kama mtu anayetapika. Alianguka akiteka maji kisimani, na tangu hapo nyonga haipindi, hawezi kufika chini. Macho yana ukungu. Na kucha zenyewe ziliharibika zamani, miaka ile ya mabuti yaliyojaa vumbi la saruji na jasho.

"Msichana wangu siwezi kumwonyesha. Akiona hii ataacha kazi, ataacha bwana, aje akae hapa anichunge. Majirani nikiwaambia, kesho soko yote inajua. Na sasa athoni wanakuja."

Athoni ni wakwe, watu wa kuheshimiwa hadi kuogopwa.

"Nisimame mbele ya athoni hivi? Watarudi Kinanie wakisema, huyo mzee tulimpelekea mbuzi za nini, na yeye mwenyewe iko na kwato?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wazo langu la kwanza, naliandika kama lilivyokuja, lilikuwa kuondoka. Nilitamani barabara, gari, hata mkutano wa idara huko ninakofundisha.

"Mzee, nitakutafutia mtu," nilisema. "Kuna zahanati, kuna muuguzi, jumuiya pia inaweza kuunda kamati ndogo..."

"Mtu? Wewe si mtu?"

Pasaka iliyopita nilikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wanaooshwa miguu na padri Alhamisi Kuu. Mchana ule nilijifungia bafuni na jiwe la kusugulia na sabuni nzuri ya mke wangu, nikasugua mpaka nyayo zikawa kama za mtoto. Nikavaa soksi mpya. Mke wangu alisimama mlangoni akasema, "Padri atauliza ameitwa kuosha nini." Padri alinimwagia maji ya kujaza kikombe, akanipangusa, na mimi nikaguswa sana moyoni. Niliandika hata makala juu ya unyenyekevu. Ilisifiwa.

Nilikwenda nyumbani kuchukua beseni, chumvi, na koleo ya kukatia waya. Nilikuwa napekua kabati kama mwizi, pale mke wangu alipoweka mezani taulo kuukuu na mafuta ya kupikia.

"Loweka kwanza," alisema. "Muda mrefu. Usiharakishe."

"Umejuaje?"

"Mimi nilikuuliza miguu iko na nini. Wewe ukaniletea uzee."

Kukata si kugumu kama kungoja. Miguu ya mzee ilikuwa ndani ya maji ya moto, mimi kwenye kigoda mbele yake, na hapakuwa na la kufanya. Nikaanza kumweleza jambo fulani, sikumbuki nini, pengine habari ya shaba.

"Nyamaza kidogo, mwalimu," alisema, bila ubaya.

Nikanyamaza. Goti langu lilikuwa linaruka lenyewe. Nje kuku walikuwa wanagombania kitu. Harufu ilipanda na mvuke, harufu ya chumba kilichofungwa na ya viatu vya zamani, na nikawa navuta hewa kwa mdomo, nikijifanya natafakari. Maji yakapoa, nikaongeza. Yakapoa tena.

Kisha nikaushika mguu. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza, kwamba ulikuwa mzito, na wa joto, na mtu alikuwa ameniachia uzito wake wote. Koleo iliteleza. Kipande cha kwanza kiliruka kikagonga miwani yangu. Cha pili kilikwenda kusikojulikana, na naamini kiko huko mpaka leo. Kwenye kidole cha mwisho nilikata zaidi ya ukucha, tone la damu likajitokeza.

"Hiyo ilikuwa yangu," mzee alisema.

"Pole, mzee! Pole sana."

"Wewe kata. Na ukiandika vitabu vyako pia unaharakisha hivi?"

Siku ile tuliweza mguu mmoja tu. Mzee alikuwa amechoka. Wa pili tuliumaliza Ijumaa. Niliufanya vibaya kidogo kuliko wa kwanza, kwa sababu nilishaanza kujiona fundi.

Viatu alikuwa amevificha chini ya kitanda, ndani ya gazeti, vyeusi, vimepigwa rangi. Mara ya mwisho alivivaa akimzika mkewe. Nikamvalisha, nikafunga kamba, akashika bega langu akasimama. Alitembea kutoka kitini hadi mlangoni, akarudi.

"Hapa inabana kidogo," alisema, kwa raha ya mtu aliyepata tena kiatu cha kulalamikia. Halafu: "Usiwaambie."

Nikaahidi.

Jumamosi mbuzi walikuja. Mmoja alikataa kushuka kwenye pikapu, na mabishano yake yalituchelewesha na kutuchekesha. Mzee alikwenda mwenyewe hadi langoni, polepole, fimbo mkononi, suti ya kahawia ikimpwaya. Binti yake alisimama mlango wa jikoni ameshika sufuria tupu, akimtazama usoni tangu alipoinuka kitini mpaka alipompa mkono yule mzee wa Kinanie. Hapo ndipo akaiweka sufuria chini. Hakuna aliyeangalia miguu. Ndivyo tulivyotaka.

Mwenyekiti alinikamata mkono kwa nguvu. "Mwalimu! Neno limefanya kazi! Lazima utoe ushuhuda kwa jumuiya. Ulimsomea wapi?"

Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa nukuu, ukakosa. "Nilimsomea kidogo," nilisema.

Mzee alikuwa anapita na wageni. "Kidogo?" alisema. "Huyu alisoma mpaka nikamwambia awache."

Watu wakacheka sana. Walidhani ni utani.

Ushuhuda sikutoa. Nilisema nina mafua. Katika mkutano uliofuata tulifika hatua ya sita na mtu akasema tutamwombea mama mmoja aliyelala hospitalini. Nikainua kichwa niulize kama kuna aliyekwenda kumwona. Kisha nikakumbuka kwamba nikiuliza watanituma, nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, na mlima wa kule hospitalini naujua. Nikaitazama chupa ya chai kama wengine. Mimi ndiye niliyesema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kumbe kuna jambo moja ambalo makala yangu juu ya unyenyekevu haikulitaja: kucha huota. Binti ameshahamia Kinanie kwa mumewe, na haijui koleo yangu. Mzee hunipigia mwenyewe. Hasalimii. Husema, "Mwalimu, kiatu kimeanza," nami najua. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alifikiri kidogo akasema, "Andika. Hao wasomaji wako hawajui kwangu. Lakini siku ya kukata usikae ukiandika."

Leo ni siku ya kukata. Alipiga simu muda kidogo uliopita kunijulisha kwamba maji ameyabandika. Nikamwambia niko njiani. Niko mezani, nimelibadilisha neno moja la aya iliyopita mara nne, na goti langu linaruka. Amepiga tena. Maji yamechemka.