Aspetta ya Bruda

Shangazi yangu wa Mbeya alikuwa akibandika maharage asubuhi, nayo kwa baridi ile yanaiva yakipenda. Ukimuuliza, anajibu, "Bado." Ukichungulia chungu, unapigwa mwiko wa mkono. Mimi niliyekimbia shule darasa la pili, kungoja nilifundishwa na maharage hayo. Mwiko huo ni wa ugali lakini. Wa kujengea nilikuja kuushika Iringa, miaka ya hamsini, kwenye misheni ya Wataliano, tukijenga kanisa.

Huko bruda mmoja, ndiye fundi mkuu, alishinda na neno moja mdomoni: aspetta. Maana yake ngoja. Alimwambia ng'ombe wa mkokoteni, akaiambia chokaa, hata mvua aliiambia, ila mvua haikusikia. Sisi tukalichukua. Mtu akiitwa kula anajibu "Aspetta!" huku anakimbilia ugali.

Sasa, kulikuwa na mwenzangu mmoja, Mhehe, mtu mzima mwenye mkono uliotulia. Bruda alimwahidi kwamba siku moja atamwachia yeye ajenge tao. Matao yote Bruda alijenga mwenyewe, na mwenzangu hakutaka kitu kingine duniani. Kila dirisha likifika juu: "Bruda, hili langu?" "Aspetta, aspetta." Madirisha yote ya kanisa yakaisha hivyo.

Ukabaki mlango mkubwa. Siku hiyo mwenzangu akaja kazini na shati la Jumapili. Nikamwambia, "Leo unafunga ndoa na tao?"

"Nyamaza, mla ndizi we!" Ndivyo Wahehe walivyotutania sisi watu wa Mbeya.

Bruda akalitazama shati, akatabasamu, akasema aspetta. Kisha, kumpoza, akatueleza kuwa kwao neno hilo ni zuri, hata mama mjamzito husemwa hivyo: anamngoja mtoto.

"Mimba ni miezi tisa, Bruda," mwenzangu akasema. "Yangu huu mwaka wa tatu."

Tulicheka mpaka ndoo ya chokaa ikamwagika. Bruda alitushinda wote kwa kucheka, akapanda jukwaani na tofali la kwanza la tao.

Mwenzangu hakucheka. Aliosha mwiko, maana ulikuwa mali ya misheni, akaufuta kwa pindo la shati lile la Jumapili, akauweka vizuri juu ya tofali. Bruda akamwona toka juu.

"Aspetta!" akaita. "Aspetta!"

Mwenzangu akashika njia, hakugeuka, wala hakurudi tena.