Ametangulia kwa Ndege Gani?

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana siri zake, ana za watu. Hii ya Dobi ninaisimulia hadharani, na anayekereka akereke. Nimekaa nayo moyoni mpaka inaniwasha.

Dobi ni jirani yangu wa ukuta. Tena ukuta gani! Ni mbao nyembamba, yeye akipiga chafya kule, mteja wangu huku anamjibu afya. Ni mwanamke wa hamsini na ushee, mikono imekomaa kwa sabuni na pasi, na mtaa mzima unamwita Dobi. Kazi yake safi, haina maneno. Ila ana tabia moja: neno baya halimtoki mdomoni hata umkabe. Shati likiungua, atakwambia limepata joto kidogo. Mteja aliyemkimbia na deni, huyo amesahau tu njia. Siku mwenye nyumba alipotupandishia kodi bila aibu, mimi natukana, yeye anasema, "Basi ametukumbuka."

"Dada," nikamwambia, "maneno yako umeyapiga pasi mno. Hayana hata mkunjo wa kushikia."

Akacheka. "Neno kali la kazi gani, Kinyozi? Wembe si unao wewe?"

Ana pacha wake, wa sura moja kabisa, ambaye alikwenda nchi ya mbali miaka mingi iliyopita kupika hotelini. Huko akaugua ugonjwa wa damu. Matibabu yakaenda, yakarudi, mwisho madaktari wakanyoosha mikono. Akapiga simu. Nakumbuka kwa sababu mtandao wa mtaa wetu unashika vizuri mlangoni kwangu tu, na Dobi hupokelea simu zake pale, wateja wangu wote wakisikia.

"Dada, niletee mama," Pacha alisema. "Nikimwona mama tu, basi. Nitatulia."

Dobi alikuwa na mashine kubwa ya kufulia, aliyoipata kwa jasho lake. Akaiuza wiki hiyo hiyo, akarudi kufua kwa mikono, akainama kwenye beseni kama alivyoanza. Akakata tiketi mbili, yake na ya mama yao. Mzee wa watu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Dobi alimpigia pasi gauni mpaka likasimama lenyewe.

Walikwenda uwanjani wakakaa kutwa. Jioni kioo cha ratiba kikaandika kwamba safari imefutwa. Basi. Si pole, si samahani. Binti wa kaunta akawaambia nauli watarudishiwa ndani ya wiki mbili, akafunga kidirisha chake akaenda zake. Wakarudi na begi lao, na mama mtu akakataza begi lisifunguliwe. Alilisukuma chini ya kitanda, akasema litakaa hivyo hivyo, tayari.

Hapo ndipo danadana ilipoanza. Wiki mbili zikazaa mwezi, mwezi ukazaa miezi. Kila asubuhi Dobi anasimama mlangoni kwangu, mikono ina povu, anapiga. Anapigiwa muziki. Kisha sauti inamwambia simu yake ni muhimu sana kwao. Ebo! Muhimu gani hiyo ya kumsimamisha mtu juani mpaka sabuni inamkaukia mikononi? Akipata mtu, anaambiwa ombi lake liko kwenye mfumo. Akiuliza mfumo uko wapi ili aende, wanamcheka. Mimi nilikuwa nanyoa huku nasaga meno, na kuna mteja mmoja nilimtoboa sikio kwa hasira za watu wa ndege.

Katika kungoja huko, mama yao akafariki. Hakuugua, hakulalamika. Alfajiri moja hakuamka. Tulimzika, begi likiwa bado chini ya kitanda.

Nikadhani Dobi atampigia Pacha amwambie. Hakumwambia. Muuguzi wa kule alikuwa amemwonya kwamba mgonjwa hana nguvu hata za kukasirika, asishtuliwe.

"Habari kama hii haipigiwi simu, Kinyozi," aliniambia. "Nitakwenda nikae kitandani kwake, nimshike mkono, nimwambie taratibu. Mimi ndiye nitakuwa nimebaki kwake. Akinitazama atapata nguvu."

Kwa hiyo kila jioni Pacha anapiga, na mimi nasikia.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Mbona analala mapema hivi?"

"Uzee, mdogo wangu. Anakusalimia sana. Anasema ukaze moyo, tunakuja."

Nywele zilinisimama, na mimi ndiye mwenye kazi ya nywele. Nikamwambia, "Dada, njia ya mwongo ni fupi."

"Ndiyo maana naitaka nauli upesi," akanijibu.

Kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kumfikia pacha wake kabla habari haijamfikia, na kabla Pacha mwenyewe hajaiaga dunia. Nauli ya pili hakuwa nayo. Mashine ilishauzwa.

Siku moja, bila kutarajiwa, watu wa ndege wakapiga wenyewe. Namba ndefu ya nje, yenye alama ya kujumlisha mbele. Dobi akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Alikuwa kijana, sauti kama asali.

"Mama, tunakamilisha ombi lako. Tiketi zilikuwa mbili kwenye malipo ya pamoja. Naomba nizungumze na abiria wa pili, athibitishe."

Dobi akanitazama. "Mwanangu, yeye ametangulia."

"Ametangulia? Lini?"

"Mwezi uliopita. Alfajiri."

Nikasikia vidole vinabonyeza. "Sawa, mama. Tunamtakia safari njema."

Simu ikakatika. Dobi akajifuta macho kwa kanga akasema, "Umemsikia? Kijana ana adabu. Kamuaga mama vizuri."

Mimi nilishuku, lakini nikarudi kwenye kichwa cha mteja. Kesho yake ujumbe ukaja. Ombi limekataliwa, kwa kuwa abiria wa pili alikwisha kusafiri mwezi uliopita, ndege ya alfajiri.

Jamani! Nilifunga duka, mteja nikamwacha na kichwa nusu, tukaenda ofisini kwao mjini. Ofisi yenyewe baridi kama jokofu, viti vya ngozi, na ukutani picha ya familia inacheka ndani ya ndege. Mhudumu alikuwa mwanamke kijana mwenye kucha ndefu, anabonyeza kwa ncha za kucha, tak tak tak.

"Hapa imeandikwa abiria ametangulia," akasema. "Sasa mnadai nauli ya nini?"

"Ametangulia kwa ndege gani?" nikauliza.

"Mfumo hausemi. Unasema ametangulia."

Dobi akanivuta shati ninyamaze. Akainama dirishani. "Mwanangu, mama yangu hayupo."

"Najua hayupo. Yuko huko alikokwenda."

"Ametutoka."

"Ndiyo, ametoka. Tarehe ninayo hapa."

"Mama amepumzika, binti yangu. Amelala."

"Basi akiamka," yule binti akasema bila kuinua macho, "aje mwenyewe na kitambulisho."

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Haki ya Mungu, wakacheka. Mimi nikapasuka. Nikapiga meza, nikasema amekufa, bibi, amekufa, tumemzika, cheti hiki hapa! Yule binti akakichukua cheti kwa kucha mbili akakisoma, na sikuona aibu hata chembe usoni mwake. Sijui kama alikuwa haelewi tangu mwanzo au alikuwa anajichekesha. Mpaka leo sijui, na ningejua ningekuwa jela.

"Cheti kinasema hivi, na sauti iliyorekodiwa inasema vile," akasema. "Mwenye malipo ndiye aliyetamka kwamba abiria ametangulia. Atapigiwa tena siku yoyote kuanzia kesho. Aseme mwenyewe, kwa neno la wazi, abiria amekuwaje. Akizungukazunguka tena, au asipopokea, faili linafungwa moja kwa moja."

"Neno lipi la wazi?" Dobi akauliza, sauti imekwisha.

"Si amelisema huyu bwana?"

Tulirudi. Jioni ile nikamkalisha kwenye kiti changu, kile cha kunyolea, nikaanza kumfundisha kama mtoto wa shule.

"Sema: mama yangu amekufa."

"Mama yangu... hayuko nasi."

"Faili limefungwa! Sema tena."

"Mama yangu ame..." Akaziba mdomo. Akalia. Tangu msiba sikuwahi kumwona akilia namna ile, mabega yanaruka. "Nikilisema, Kinyozi, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

"Mzike, dada. Mzike umfikie aliye hai."

Tulishinda tunafanya mazoezi. Nanyoa, yeye anapiga pasi, napiga kelele kupitia mbao: "Amekuwaje?" Na yeye kule anajibu, mwanzo kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida, mwisho kwa sauti ya mtu anayefukuza mbwa: "Amekufa!" Wateja wapya walidhani pale pana wendawazimu wawili. Wa zamani walikuwa wanamsaidia kuitikia. Simu aliifunga shingoni kwa kamba, hakuiweka chini hata akienda chooni.

Wiki ikapita. Walipiga mara moja, mlio mmoja tu, ikakatika kabla hajaishika. Namba ndefu, ya nje. Dobi nusura azimie. Kutwa ile hakula.

Siku iliyofuata mchana nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja ndevu. Simu ikalia. Nikamwona Dobi anatoka mbio na pasi mkononi, anasimama mlangoni kwangu. Namba ndefu, ina kujumlisha mbele. Nikamkazia macho, nikamwonyesha ngumi: kaza!

Akabonyeza. Hakungoja hata haloo.

"Mama yangu amekufa!" akapiga kelele. "Amekufa, mnasikia? Amekufa mwezi juzi, tumemzika! Hakusafiri, hakwenda popote, amekufa! Andikeni hivyo!"

Barabara nzima iligeuka. Mimi nikapiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi, na mwalimu akapiga na povu lake mashavuni.

Kwenye simu ikaja sauti, ndogo, imechoka, na sauti kubwa ilikuwa imewashwa kwa hiyo tuliisikia wote.

"Dada?"

Pasi ilimponyoka Dobi ikaanguka sakafuni.

"Simu yangu imeharibika," Pacha akasema. "Nimeazima ya mwenzangu wa kitanda cha pili. Jana nilijaribu ikakatika."

"Mdogo wangu," Dobi akasema. "Mdogo wangu, sikiliza, ngoja nikueleze..."

"Mwezi juzi?"

Dobi alikuwa amefungua mdomo, na yale maneno yake yote laini, aliyowapa wenye madeni na wenye nyumba maisha yake yote, hakuna hata moja lililotoka.

"Na zile salamu za kila jioni," Pacha akauliza, "zilikuwa za nani?"

Ikakatika. Dobi akapiga tena na tena. Mara ya tatu akapokea mwenye simu, akasema kwa upole kwamba mgonjwa amejifunika shuka na ameomba asiitwe.

Watu wa ndege walipiga kesho yake. Dobi aliwajibu neno la wazi, bila kukosea, bila kutetemeka, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Yule kijana wa asali akamshukuru kwa ushirikiano. Nauli zikarudi wiki hiyo, zote mbili, ile ya mama wakakata gharama za usumbufu. Usumbufu wa nani, hawakusema.

Dobi akakata tiketi moja akasafiri. Na ndege siku hiyo, ya shirika lile lile, iliondoka kwa saa yake. Alifika. Pacha alikuwa hai.

Haya yaliyobaki alinisimulia yeye mwenyewe aliporudi, amekaa kwenye kiti changu, mikono mapajani. Anasema aliingia wodini akamwona, amekonda, lakini ni uso wa Dobi mwenyewe kabisa. Akavuta kiti. Akakaa. Akanyoosha mkono kumshika, kama alivyokuwa amepanga siku zote zile.

Pacha akauondoa mkono wake akauingiza chini ya shuka. Akageukia ukutani. Kisha akamwita muuguzi.

"Nesi," akasema, "mwambie mgeni muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

Muuguzi akatazama saa, akamtazama Dobi. Muda ndio kwanza ulikuwa umeanza.