Mama Pazia Amefikia Gesti

Dada yangu ana watoto wawili jijini, wote wana nyumba, wote wana kitanda cha wageni, na alipokwenda kupasuliwa jicho alifikia gesti. Habari hiyo ilizunguka mji wetu kabla hata basi letu halijatoka stendi. Najua watu walivyosema, maana kama ningebaki mimi ningesema zaidi yao.

Wanamwita Mama Pazia. Amewashonea mapazia nusu ya watu wa mji wetu, pamoja na vitambaa vya makochi vya wale wanaotaka kuficha makochi yaliyochoka. Mimi ni mdogo wake, mpishi wa shule ya bweni. Nimezoea kusema na watoto mia tano nikiwa na mwiko mkononi, kwa hiyo sauti yangu haijui chumba kidogo. Yeye husema kwa sauti ya chini hata akigombana. Jicho lake la kushoto lilikufa taratibu, bila maumivu, akidhani ni uchovu wa cherehani. Lilipokwisha kabisa, la kulia nalo likaanza. Daktari akasema ni presha ya macho, aende hospitali kubwa jijini, na asichelewe.

"Mtanirudishia nilichopoteza?" dada alimuuliza.

"Hapana, mama. Tutajaribu kuokoa kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa kama tundu. Akikuangalia usoni anaona pua na mdomo, masikio haoni. Tulipotoka pale aliniambia, tukiwa tumesimama tu barabarani kama watu waliopotea, kwamba kuna kitu kimoja anataka kukiona kabla ya upasuaji. Anataka kuwaona wanawe wawili wamekaa chumba kimoja. Mara moja tu. Baada ya hapo, alisema, Mungu akitaka kuzima taa, azime.

Wanawe hawajaongea tangu baba yao alipofariki, mwaka wa nne sasa. Shemeji yangu alilazwa jijini, akaona hali yake, akamwambia binti yake: nipeleke nyumbani, sitaki kufia kwenye vitanda vya watu. Binti akamleta nyumbani, akafia huku. Kaka mtu alikuwa kazini, safari ya mbali, na alipofika alikuta kaburi limeshafukiwa. Akasimama mbele ya waombolezaji, akasema, "Umemuua baba." Binti akajibu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Basi. Kila mmoja alisema sentensi moja, na sentensi hizo mbili zimekaa katikati yao mpaka leo. Hawaitani hata majina. Kijana humwita dada yake "yule". Binti humwita kaka yake "huyo bwana".

Kwa hiyo suala la mtaa wa kufikia halikuwa suala la mtaa. Kijana anaishi juu, upande wa vilima, ambako nyumba zina kuta ndefu na mbwa, na ukitaka nyanya moja lazima mtu akuwashie gari. Ni msimamizi wa ghala, anajiweza. Alipiga simu akasema chumba kimeshatandikwa. Binti anaishi bondeni, vyumba viwili, cha mbele kakifanya saluni, na redio ya jirani unaisikia kama vile jirani amelala na wewe. Naye alipiga simu akasema godoro jipya limeshanunuliwa. Dada akifikia kwa kijana, binti hakanyagi kule. Akifikia kwa binti, kijana hashuki bondeni. Na ukiwa jijini kila unayekutana naye anakuuliza swali hilo hilo: umefikia wapi? Ukijibu, umeshachagua mtoto.

"Mimi nafikia katikati," dada alisema.

"Katikati kuna nini?"

"Kuna hospitali."

Nilimwambia anacheza na moto. Nilimwambia mama mwenye watoto hafikii gesti, anawavua nguo mbele za watu. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akaendelea kukunja khanga zake ndani ya begi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akiwa kwenye nyumba isiyo ya yeyote, hakuna atakayekuwa na sababu ya kutokuja. Watakuja wote. Chumba cha gesti ni kidogo, watakutana tu.

Walikasirika wote wawili, tena kwa maneno yanayofanana mpaka nilitaka kucheka. Kijana alisema, "Mama, nikiulizwa kazini mama yangu amefikia wapi, niseme gesti?" Binti alisema, "Wateja wakiniuliza mama yuko wapi nijibu nini? Au umeona kwangu pachafu?" Tumbo moja lile, hata wakinuna wananuna sawasawa.

Mtaa ulio nyuma ya hospitali hakuna mtu anayekaa kwa kupenda. Maduka yote yanauza vitu vile vile: kandambili, chupa za chai, mabeseni, mashuka. Duka la dawa limepakana na duka la majeneza, sijui waliona waokoe muda wa nani. Salamu ya pale ni "mgonjwa wenu anaumwa nini?" Gesti yetu ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye kitanda kimoja, sinki inayodondosha maji na dirisha linaloangalia barabara. Pazia lilikuwa limeshonwa vibaya, upindo umekwenda upande. Dada alilipapasa kwa vidole, akaniuliza kama msimamizi anaweza kutuazima sindano. Nilimwambia tumekuja kuokoa jicho, hatukuja kulitumikisha.

Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Aliwaita wote wawili waje Jumapili saa kumi jioni. Aliwaambia saa ile ile, mahali pale pale, bila kuficha kitu, maana hajui hila. Tuliazima viti viwili vya plastiki mapokezi. Alivisogeza mpaka vikakaribiana, akakaa kitandani kwa kuegemea pembeni ili mwanga wa dirisha uwaangukie wao. Aliniambia nikae ajaribu kama ananiona: kwanza kiti hiki, halafu kile. "Sogeza kidogo," alisema. "Hapo. Hapo nawaona wote." Alikuwa amevaa gauni lake la kahawia, na alikuwa amefurahi kama mtu anayesubiri harusi.

Saa kumi ikafika, ikapita. Simu yangu ikaita. Kijana: "Mama mdogo, yule yupo?" Nikamwambia bado, panda. Akakata. Ikaita tena. Binti: "Huyo bwana ameshaondoka?" Nikamwambia hajafika, njoo. Naye akakata. Nikaenda dirishani. Gari la kijana lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la dawa, yumo ndani, mikono kwenye usukani. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kutoa kopi, binti alikuwa amesimama na kikapu, anatazama mlango wetu wa chini. Kila mmoja anamsubiri mwenzake apande ashuke ndipo naye apande. Dada alikuwa nyuma yangu amekaa na uso wake umeelekea viti viwili vitupu.

"Wanakuja?" aliuliza.

"Wanakuja," nilisema, nikashuka ngazi kwa hasira mpaka kandambili moja ikachomoka.

Nilianza na kijana. Alishusha kioo. Nilimwambia mama yake anataka kuwaona kwa jicho ambalo kesho linakatwa. Alinisikiliza, mishipa ya shingo imemtoka, akasema, "Nitapanda. Yule aondoke kwanza." Nikavuka. Nikamwambia binti maneno yale yale. Machozi yakamlenga, akasema, "Mama mdogo, mimi simzuii. Apande, amuone, ashuke. Nitasubiri hata mpaka usiku." Nilitukana. Nilitukana katikati ya mtaa wa wagonjwa, watu wenye bandeji wakageuka. Watoto mia tano hunyamaza nikipaza sauti, hawa wawili hata hawakutikisika. Mwishowe binti aliacha kikapu mikononi mwangu akaenda zake bondeni, ndipo kijana akapanda. Akakaa kwenye kiti kimoja. Dada alimpapasa uso, akamuuliza habari za wajukuu, akamuuliza kama anakula vizuri. Wakati wote alikuwa anageukia kile kiti cha pili, na kijana akajifanya haoni.

Alipoondoka, dada aliniambia nirudishe viti mapokezi. Hakulia. Ningependa alie, maana mtu akilia unajua cha kufanya.

Kesho yake walimpasua. Nilikaa kwenye benchi la korido na wenzangu wenye wagonjwa, tukagawana mkate na habari mbaya. Alitoka amefungwa bandeji upande wa kulia, na kwa kuwa wa kushoto ulishakufa, akawa gizani kabisa. Nesi akatuambia turudi baada ya siku chache wafungue. Lakini daktari aliniita pembeni. Alikuwa mtu mpole, alitafuta maneno. Alisema mshipa wa jicho ulikuwa umeharibika kuliko picha zilivyoonyesha. Wamefanya walichoweza. Wakifungua, huenda akaona mwanga, atofautishe mchana na usiku. Nyuso, hapana.

Sikumwambia dada. Nilimshika mkono tukavuka barabara, nikamhesabia ngazi moja moja mpaka ghorofa ya pili, na alikanyaga kila moja kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Akaniambia, "Safari hii hawatakataa. Wakisikia nimepasuliwa watakuja pamoja." Nikaingia chooni, nikafungua bomba, nikampigia kila mmoja. Nikawapa maneno ya daktari kama nilivyopewa. Nikawaambia pia kwamba Jumapili ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, nao waliitumia kuangaliana toka barabarani. Binti alipiga yowe. Kijana akakata simu.

Binti alifika kwanza, ananukia mafuta ya nywele, aproni ya saluni hajaivua. Dada alimjua kabla hajafungua mdomo, akacheka kidogo. Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua bakuli la uji mkononi mwangu, akaanza kumlisha mama yake kijiko kwa kijiko. Anapuliza, anaonja kwa mdomo wake kwanza, anafuta kidevu kwa kidole. Mimi nilikuwa pembeni nakunja shuka, na kwa dakika chache zile nilidhani afadhali. Nilidhani angalau huyu amempata.

Ndipo nikasikia mtu anapanda ngazi haraka. Viatu vikakwanguliwa mlangoni, cha kulia, cha kushoto, kisha cha kulia tena. Hakuna mtu mwingine duniani anayekwangua viatu namna hiyo. Mama yake mwenyewe alimfundisha akiwa mdogo, ili asiingize matope kwenye vitambaa vya wateja, na mpaka leo hata sakafu ikiwa kavu hawezi kuingia bila kufanya vile. Mlango ukasukumwa. Kijana akasimama pale anahema, ana mfuko wa machungwa, shati limetoka nje. Hakuwa amepiga simu kuuliza nani yupo. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekuja tu.

Akamuona dada yake. Dada yake akamuona. Kijiko kikabaki hewani.

Walikuwa chumba kimoja. Kati yao hapakuwa na nafasi ya kuweka hata beseni. Na mama yao alikuwa amekaa katikati, amefungwa bandeji, uso umeinuka.

"Nani?" aliuliza.

Nilimtazama binti. Nilimwomba kwa macho. Alikuwa amemkazia kaka yake macho makavu, na yote ya kaburini yalikuwa yamerudi usoni kwake.

"Hakuna mtu, Mama," alisema. "Kunywa uji."

Nikamgeukia kijana nikisubiri aseme, nipo. Neno moja fupi, hata mtoto mdogo analiweza. Aliukumbatia tu mfuko wake wa machungwa.

"Baba," dada alisema. Humwita hivyo tangu azaliwe, kwa kuwa alimpa jina la baba yetu. "Baba, ni wewe? Ingia mwanangu, ukae. Dada yako yupo hapa." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, mkono ule ule uliopitisha mapazia ya mji mzima chini ya sindano, vidole vimefunguka.

Kijana aliutazama mkono ule. Akauweka chini mfuko wa machungwa, taratibu, kama mwizi, ili usitoe sauti. Akageuka. Alishuka kwa ncha za viatu, lakini ngazi za gesti ile ni za mbao, na zote tulizisikia, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

Binti aliinamisha kichwa juu ya bakuli. Mkono wa dada ulikuwa bado umenyooka. Akaugeuza uso wake upande niliokuwepo mimi.

"Mdogo wangu," alisema. "Wewe hujawahi kunidanganya. Nani alikuwa mlangoni?"

Nilikuwa na maneno. Tangu Jumapili nilikuwa nayo, ya kuwachana wote wawili. Lakini ningemwambia nini? Kwamba amekuja, ameuona mkono, ameuacha? Nikaushika ule mkono, ulikuwa wa baridi, nikaushusha mpaka mapajani mwake.

"Hakuna mtu, dada."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mteja aliyekubali kitambaa ambacho siyo alichoagiza.

"Basi funga mlango," alisema.