Mgeni Aliyesindikizwa na Kuku

Siku ile nyumbani kwangu Ikuti tulikuwepo watu wanne, na nawataja ili msiseme kikongwe ameota. Mimi mwenyewe. Dada yangu Subilaga, tumbo moja, yeye ndiye mkubwa. Aliolewa kule Suma, mume akafariki, na aliporuhusiwa hospitali nikamleta kwangu nimuuguze. Mjukuu wangu Atupele, binti wa marehemu mwanangu Ambakisye. Na jirani yangu Mzee Shabani, fundi cherehani, ambaye babu yake alitoka Kilwa. Yeye alikuwa barazani kwake, ng'ambo ya ua, anashona. Haya yametokea kweli. Nguvu ya kutunga sina.

Wa tano alikuwa kuku. Jike, mwekundu, kishingo, shingo tupu bila manyoya. Nilimwita Mjumbe kwa sababu hakuna nyumba ambayo hakuingia, na hakuna mgeni aliyeondoka kwangu bila yeye kumsindikiza. Mtu akiaga, Mjumbe anainuka, anatangulia mpaka barabarani, kisha anarudi zake. Tangu Ambakisye afariki ndiye niliyekuwa naongea naye asubuhi, maana Atupele huondoka mapema kuchuma chai. Chekeni tu.

Basi, alasiri, ukungu umeshuka mpaka migombani, mwanamke akapiga hodi. Mtu mzima, kajifunga kitenge kikavu, na huku nje manyunyu tangu asubuhi. Hilo la kitenge nililiwaza baadaye. Akanisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," nikaitikia, nikampa kigoda. Chai hakuigusa. Alikaa akitazama mlango wa chumba cha dada yangu, kisha akainuka.

"Naomba mtu wa kunisindikiza," akasema.

Nyie mnajua desturi yetu. Mgeni haombi jambo hilo, anasindikizwa tu, na kumwacha aende peke yake ni kumtukana. Lakini ilikuwa wiki ya tatu namgeuza mgonjwa, magoti hayanisikii, na Atupele alikuwa zizini anakamua. Kabla sijajibu, sauti ikatoka chumbani.

"Mwambie angoje. Nakuja kumsindikiza mimi."

Nikaingia. Subilaga, mtu ambaye hata kijiko alikuwa hainui, ameketi kitandani, miguu chini, anatafuta kandambili.

"Lala wewe. Unaenda wapi na baridi hii?"

"Namfahamu huyo."

"Humfahamu. Lala."

Nikamlaza, nikamfunika blanketi. Nikatoka nikamwambia mgeni, kwa mzaha wa mtu aliyechoka, "Mama, mtu sina. Huyo kuku atakusindikiza, ndiyo kazi yake."

Hakucheka. "Kwa leo atatosha," akasema. "Ndaga." Akashukuru hivyo, akatoka.

Mjumbe akatangulia. Niaminini, nilimwona kwa macho yangu, mkia unayumba, mwanamke nyuma yake, mpaka ukungu ukawameza wote wawili. Mzee Shabani naye aliwaona. Alisimamisha cherehani akaniambia, "Bibi, leo mjumbe wako kapata mgeni wa wilaya."

Nikaingia jikoni kuchochea moto. Mjumbe alikuwa kando ya mafiga, amelala ubavu, amekufa. Nikamshika. Wa baridi, amekakamaa kama aliyekufa tangu jana.

Sasa niambieni, niliyemwona akienda barabarani alikuwa nani?

Atupele akasema ni kideri. Kesho yake akamleta bwana mifugo, Bwana Kimaro, mtu wa Moshi, akampasua, akatazama ini, akatazama utumbo. "Bibi, sioni kitu. Wengine hufa tu." Kuku wengine wote walikuwa wazima. Mzee Shabani akasema huyo ni kibudu, nisithubutu kumla. Nani alitaka kumla? Nikasema tumzike migombani. Atupele akaniuliza, "Bibi, tufunge na turubai la msiba?" Kisha akaniona uso, akachukua jembe, akachimba yeye. Mzee Shabani peke yake ndiye aliyekuja kunipa pole. Akakaa mpaka chai ikapoa.

Wiki hiyohiyo dada yangu akaanza kula. Sasa anatembea, anafika hata sokoni. Mnadhani alinishukuru? Siku moja tunamenya viazi akasema, polepole, "Ningekuwa nimeshapumzika. Hukuniuliza."

"Ulikuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana nasema."

Hatujalizungumza tena. Tunakula sahani moja, na ukungu ukishuka kila mmoja anatazama upande wake.

Kuku sifugi tena. Mgeni akija naagana naye mlangoni, na watu wanasema Bibi siku hizi ana kiburi. Waseme.

Ninachowaonya ni hiki: mgeni usiyemjua akikuomba msindikizaji, usimtoe mtu, wala usitoe kiumbe kwa mzaha, maana mzaha wako unaweza kupokewa. Na kama anayetaka kuinuka ni mgonjwa wako mwenyewe, hapo sijui nikushauri nini. Mimi nilimzuia, na ningemzuia tena.

Mzee Shabani anasema kitenge kilikuwa cha bluu, mimi nakumbuka kijani. Atupele anasema ilikuwa saa kumi, mimi nasema tisa. Kama nimekosea mahali, mliokuwepo mnisahihishe. Subilaga naye akitaka kusahihisha, aseme. Safari hii nitamsikiliza.